Nguchiro na Mgawo wa Mwaloni

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ziwa na mashua. Nyinyi mmekula?

Bado!

Basi sawa. Hata wa humu hadithini hawajala.

Hapo kale Fisi alikuwa na mashua ya tanga, na mabaharia wake walikuwa watoto watupu: Nguchiro, Kicheche na Fungo. Kwa nini watoto? Kwa sababu mtu mzima angemuuliza maswali, ebo!

Asubuhi hiyo Nguchiro alimwacha mdogo wake kibarazani, siku ya pili hajala.

"Leo nakuletea samaki," akamwambia.

"Kweli, dada?"

"Kweli."

Wakaenda ziwani. Wakatupa wavu, wakavuta. Wakatupa, wakavuta.

"Nahodha, njaa!"

"Vuteni! Mgawo mwaloni!"

Wakavuta mpaka viganja vikachubuka.

"Nahodha, njaa inatuua!"

"Vuteni! Mgawo mwaloni!"

Naye Fisi kinywani, kwacha, kwacha, anatafuna.

Mwaloni ni pale ufukweni mashua zinapofikia, na sheria ya Fisi ilikuwa hii: mashua ikigusa mchanga, aliyemo ndani anapata mgawo. Aliyeanguka njiani, shauri yake. Sasa oneni uchafu wake. Mashua ile ilikuwa na ubao uliotokeza nje, na watoto walikaa juu yake upande wa upepo, uzito wao uizuie isilale. Tanga likigeuzwa, sharti nahodha apige ukelele kwanza, warudi ndani wahamie upande wa pili. Fisi akikaribia mwaloni hapigi ukelele. Anageuza tu. Papapapa! Tanga limehama, ubao umezama, watoto chubwi! Wanafika wakiogelea, wanatapika maji, mgawo hawana. Kila siku! Mlaaniwa yule.

Siku hiyo mwalo ulipoonekana, Nguchiro akainama pale ubaoni, akapiga kelele: "Mama wee! Sangara! Mkubwa kama mbuzi!"

"Tokeni!" Fisi akaruka. "Huyo wangu! Kicheche, shika usukani!"

Watoto wakarudi ndani, naye akapanda ubaoni, tumbo mbele.

"Yuko wapi?"

"Sogea kidogo, Nahodha."

"Yuko wapi?"

"Sogea tena, Nahodha."

"Mbona simwoni?"

"Geuza!" Nguchiro akasema.

Papapapa! Chubwi!

Watoto wakacheka, wakakumbatiana. Mashua yao, samaki wao! Nguchiro tu ndiye aliyetazama mbele. Ufukweni alikuwa amesimama Kiboko, mkubwa wa mwalo, shemeji yake Fisi, anayempekua kila anayeshuka mpaka kwapani. Upepo ulikuwa unawapeleka kwake moja kwa moja, na nyuma Fisi anaogelea. Nguchiro akawageukia wenzake.

"Kuleni," akasema.

"Na wa nyumbani?"

"Kuleni, nimesema! Hawatatuachia hata mkia."

Wakala mbichi, haraka, mpaka wa mwisho. Nguchiro alikula huku machozi yanamtoka.

Mashua ikagusa mchanga. Fisi akatoka majini, anahema.

"Shemeji, samaki wangu!"

"Hukuwemo chomboni," Nguchiro akasema. "Sheria ni yako."

Kiboko akacheka mpaka akakaa chini. "Sheria hiyo ya mabaharia, we mtoto. Nahodha ni nahodha hata akiwa majini."

Wakaipekua mashua. Miiba mitupu! Watoto wakachapwa wote watatu, wakafukuzwa kazi.

Nguchiro akaenda nyumbani anachechemea. Mdogo wake akamkimbilia, akaangalia mkono wa kulia, akaangalia wa kushoto. Kisha akamkaribia usoni, akanusa.

"Dada," akasema, "unanuka samaki."

Hapo ndipo ngano yangu imeishiwa upepo, aliye na ya kwake na aitweke kama tanga. Nanyi wanangu, jifunzeni: fanyeni kazi kwa bidii, watiini manahodha wenu, na kila mtu atapata mgawo wake. Haya, mkalale. Chakula hakuna.