Tambi za Sukari na Tambi za Pilipili

Haya, sogeeni mbele, wa nyuma nao wapate pa kukaa. Wewe mwenye kofia ya kijivu, mbona umejikunja hivyo kama uko kwenye godoro la mtoto? Nenda kaegemee ile nguzo ya Mzee Badi, mwenyewe leo hayupo. Egemea, ila usikorome. Akina mama nyuma ya pazia, sauti inafika? Vizuri. Leo nitawapigia mfano wa chakula. Najua mmefunga na matumbo yananguruma, nisameheni, lakini mfano mwingine sikuupata.

Palikuwa na mtaa mmoja. Msiniulize ni wapi, nimeutunga mwenyewe kichwani, basi asitoke mtu hapa akaenda kusema sheikh amemsema fulani.

Mtaa ule, Ramadhani ikiingia, kila nyumba hutoa sinia lake. Wanaume hutandika mikeka uani mwa msikiti, huu unaungwa na huu, mpaka unakuwa mkeka mmoja mrefu, na wote wanafuturu hapo, mwenye gari na mbeba mizigo. Na walikuwa na desturi yao nzuri sana. Kabla mtu hajatia tende mdomoni, mkubwa wao huangaza macho toka mwanzo wa mkeka hadi mwisho, kisha huuliza, "Nani hayupo?" Akikosekana mtu, anawekewa chakula chake, kinafunikwa, na mmoja wao anainuka kwenda kumgongea mlango. Pengine anaumwa. Pengine usingizi tu umemchukua. Lakini anagongewa.

Katikati ya mkeka alikuwa akikaa mzee mmoja, zamani alikuwa mshona viatu. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, watoto wako ng'ambo, nyumbani anaishi na redio. Goti lake moja lilikuwa bovu, halikunjiki, basi akikaa huunyoosha mguu mbele na masinia yanasogezwa kuupisha. Ukiona pengo katikati ya masinia, ujue hapo ndipo mguu wa mzee. Tena alikuwa na presha. Siku nyingine ilimwangusha chini, na akianguka hainuki mpaka ainuliwe. Mtaa mzima ulilijua hilo. Na nyinyi lishikeni.

Sasa jamani, sisi watu wa pwani tukisema tambi, tunajua tunasema nini. Tui la nazi, sukari, iliki, na zabibu kavu kama mfuko unaruhusu. Si ndiyo? Naona mzee pale anameza mate. Mwaka huo kijana mmoja wa mtaa alikuwa ameoa mke kutoka kaskazini, kule ambako tambi huliwa kama sisi tunavyokula wali. Mke akapika chakula cha kwao. Tambi ndefu, nyeupe, na juu yake akamwaga mchuzi mzito wa nyama ya kusaga, maharagwe, mdalasini, na pilipili ya kumfanya mtu amwite mama yake.

Kawa la sinia likafunuliwa. Bwana mmoja mwenye duka la nafaka akachungulia, akarudi nyuma.

"Hii nini?"

"Tambi," akasema yule kijana.

"Tambi zina maharagwe? Tambi zina nyama?"

"Kwao ndivyo zinavyopikwa. Onja, bwana, hutajuta."

"Sionji! Mdalasini kwenye nyama, pilipili kwenye tambi! Huyo mkeo kwao hakufundwa?"

Astaghfirullah. Mke wa watu yuko nyumbani kwake, mikono bado inanuka vitunguu, amekaa anasubiri kuambiwa kama chakula chake kimependwa. Naye anatukanwa pamoja na wazazi wake kwa ajili ya sahani ya tambi.

Wengine walionja. Wapo waliotema, na wapo waliotoka jasho, wakafuta makamasi, wakaomba kuongezwa. Yule mzee wa mguu yeye alichota za sukari, akachota za pilipili, akazichanganya kwenye sahani moja, akala, huku anacheka peke yake. Watu wakamwambia, "Mzee, utaharibikiwa na tumbo!" Akajibu, "Niacheni, mimi kula na watu tu kunanitosha."

Laiti wangemsikiliza. Lakini mwanadamu akishapata cha kubishania, nani atamnyang'anya? Kesho yake ubishi ukawa juu ya tambi. Siku iliyofuata ukawa juu ya nani mwenyeji na nani mgeni. Baadaye ukawa juu ya baba ya nani alijenga kisima na baba ya nani hakuchanga. Mpaka jioni moja yule kijana akasimama, akaukunja mkeka aliouleta yeye, akautandika upande wa pili wa ua. Nusu ya watu wakamfuata. Kukawa na mkeka wa sukari na mkeka wa pilipili, na katikati sakafu tupu.

Mzee akaja na mkongojo wake, akasimama hapo kwenye sakafu tupu.

"Mzee, njoo huku kwetu!" wakaita wa sukari.

"Huko wanamtukana binti wa watu aliyekupikia! Kaa huku!" wakaita wa pilipili.

Akatazama huku, akatazama kule. Akasema, "Nitakaa wapi, wanangu? Mguu wangu ulikuwa hapa nilipokanyaga."

Wakacheka. Wallahi walicheka. Mzee akala tende yake kwa kusimama, akanywa maji, akaenda zake nyumbani. Kesho yake hakuja.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwenye mkeka wa sukari mtu aliuliza, "Nani hayupo?" Desturi ilikuwa bado haijafa. Wakatazama, wakaona mzee hayupo. Mwenye duka la nafaka akasema, "Yuko kule." Basi. Wakala. Kwenye mkeka wa pilipili nao wakauliza, wakaona mzee hayupo. Yule kijana akasema, "Yuko kule." Wakala nao. Hakuna aliyeinua shingo kutazama kama kweli yuko, maana kutazama upande wa pili kulikuwa kumeshakuwa aibu.

Na wangeishia hapo tungesema ni usahaulifu. Hawakuishia hapo! Walianza kumsema. "Mnafiki yule, si mlimuona alivyochanganya sahani?" "Mzee mzima anafuata pilipili!" "Amerudi kwenye sukari yake, wazee ndivyo walivyo, hawana msimamo." Midomo hiyo imefunga, jamani. Mate wanaogopa kumeza, nyama ya mwenzao wanaitafuna.

Yule mke aliyepika alimuuliza mumewe, "Mzee wa mguu leo amekula?"

"Amekula huko kwa wenzake."

"Umemuona?"

"Nimuone vipi, yuko kule."

"Basi nimpakulie umpelekee nyumbani, alizipenda."

"Nimpelekee chakula mtu aliyetukimbia? Niache, mwanamke!"

Kila siku mke aliuliza, na kila siku alijibiwa hivyo hivyo.

Na yule bwana wa nafaka, nyumba yake na ya mzee zilikuwa zinashikana, ukuta mmoja. Alasiri moja amejilaza anangoja jua lishuke, akasikia ukutani: ko, ko, ko. Kitu kikavu kinagonga. Kikanyamaza, kikagonga tena. Akamwambia mkewe, "Msikie huyo! Amehamia kwa watu wa pilipili, sasa ananigongea ukuta kunikejeli." Mkewe akasema, "Nenda kamtazame." Akasema, "Siendi kuchekwa mimi." Akageukia upande wa pili. Kesho yake kugonga kukawa kwa mbali, pole pole, kama mtu anayesinzia. Siku iliyofuata ukuta ukawa kimya. Unajua alisema nini? Alisema, "Alhamdulillahi, amechoka mwenyewe."

Mimi nilipofika hapo katika kuutunga mfano huu, nilitaka kuuacha.

Ikaja Idi. Mkeka unaweza kugawanyika, lakini uwanja wa swala ya Idi ulikuwa mmoja, wakakutana. Wamevaa kanzu mpya, wamejipaka udi, wanapeana mikono kwa ncha za vidole. Bwana wa nafaka akaona hapo ndipo pa kuchoma. Akamwambia yule kijana mbele ya watu, "Haya, leo Idi. Turudishieni basi mzee wetu mliyetunyang'anya."

Kijana akashangaa. "Tumewanyang'anya sisi? Si yuko kwenu?"

"Kwetu? Toka mlipotandika mkeka wenu hatujamtia machoni!"

"Na sisi hatujamuona."

Bwana wa nafaka ndiye aliyeanza kukimbia, kwa sababu yeye peke yake alikuwa anajua habari za ule ukuta.

Harufu iliwapokea kabla ya mlango kufunguka. Mzee alikuwa chini, karibu na ukuta, mguu umenyooka kama alivyozoea kukaa nao mkekani. Mkongojo ulikuwa bado mkononi. Na pale ukutani, juu kidogo ya sakafu, chokaa ilikuwa imebanduka mahali padogo, kwa kugongwa. Kanzu yake ya Idi ilikuwa imetundikwa msumarini, imepigwa pasi. Hawakuweza kumwosha kama anavyooshwa maiti wa watu. Sitaeleza zaidi.

Walimzika, safu moja, watu wa sukari bega kwa bega na watu wa pilipili. Waliporudi, yule mke wa kaskazini alikuwa amesimama mlangoni kwake. Hakulia kwa sauti. Alimwambia mumewe, "Nilikuuliza. Kila siku nilikuuliza, ukaniambia amekula." Bwana wa nafaka aliupaka ule ukuta chokaa upya, akaupaka tena, kisha akahama mtaa.

Haya. Nani alimuua yule mzee? Tambi? Tambi zimemkosea nani? Pilipili? Au mnataka niseme ni kugombana? Kugombana tunagombana, ndugu zangu. Mimi na mama watoto tunagombana kwa chumvi kila wiki na bado tunalala nyumba moja. Mtu akipenda sukari apende, akitaka pilipili imtoe machozi, kheri yake. Mzee yule aliuawa na maneno mawili: "Yuko kule." Kila upande ulimhesabu kuwa ni mzigo wa upande wa pili. Walipokuwa mkeka mmoja, asipoonekana walikuwa wanaogopa. Walipokuwa mikeka miwili, asipoonekana walikuwa wanakasirika. Huo ndio ugonjwa wenyewe, na sisi tunao.

Msitazame chini. Sisi hatukugombania tambi, sisi tumegombania rangi ya ukuta wa msikiti, kijani au nyeupe. Wakubwa wazima! Toka siku ile wa kijani wanaingia mlango wa barabarani, wa nyeupe wanaingia mlango wa kisimani, na futari wanakula hawa barazani, wale uani. Mnadhani sioni? Naona. Kwa hiyo nimekuja leo niwaulize kama walivyoulizana wale kabla hawajaharibika. Nani hayupo? Tazameni kushoto na kulia. Nani...

Ngojeni kwanza.

Wewe mwenye kofia ya kijivu, hiyo nguzo uliyoegemea. Mzee Badi yuko wapi? Nyinyi wa barabarani, Mzee Badi yuko wapi?

Huyu wa barabarani anasema siku hizi Mzee anaingia mlango wa kisimani. Haya, wa kisimani, mnaye?

Sema kwa sauti, kijana, nisikie vizuri. Unasema, "Hapana, sheikh, sisi tulijua yuko na wale wa barabarani."

La ilaha illallah.

Na mimi nimeingia hapa, nimeiona nguzo haina mtu, nimempa mtu mwingine aegemee, nikafanya mzaha. Nimekaa nawahadithia ukuta wa watu ambao hawapo duniani, na Mzee Badi ana ugonjwa wa moyo, anaishi peke yake nyuma ya kinu cha kusaga. Nani amemuona jana? Nani amemuona juzi?

Mbona mmekaa? Inukeni! Dua tutaisoma tukirudi, na kama hatujarudi magharibi ikiingia, tende zitatungoja. Chukueni maji. Mama mmoja huko nyuma ya pazia atufungie chochote kilichoiva, cha sukari, cha pilipili, sijali. Viatu msivitafute, piteni pekupeku. Na mlango wowote, ndugu zangu, tokeni kwa mlango wowote, ila tokeni sasa hivi.