Pasi Moja ya Mserereko wa Itundulu

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona mwenyewe mwanzo hadi mwisho, nikiwa nimesimama pale ambapo mtu mwenye akili zake husimama ili asipitwe na kitu. Shule niliishia darasa la tano, lakini macho sikuyaacha shuleni.

Kijijini kwetu Itundulu, huku juu ambako mwezi wa saba maji ya ndoo huamka yameganda, kuna watu watatu ambao Mungu aliwagawia bila kupima.

Wa kwanza ni Eunike Mbilinyi, mjane, mkulima wa viazi. Kipaji chake ni mdomo. Eunike hajawahi kuomba kitu akanyimwa. Mwaka fulani alimwomba mchungaji koti alilokuwa amelivaa, katikati ya mazishi, akapewa, na mchungaji akamshukuru.

Wa pili ni Yotamu Sanga, seremala. Kipaji chake ni kiganja. Akikipitisha juu ya ubao anakuambia mti ulikua upande gani wa mlima na ulikatwa na mtu mwenye hasira au mtu aliyeshiba.

Wa tatu ni mzee Ambilikile Tweve, fundi wa kuezeka nyasi. Kipaji chake ni subira. Paa aliloezeka yeye, mvua hulizunguka mara tatu ikitafuta pa kuingilia, kisha inakwenda kwa jirani. Ila tangu bati liingie, mzee wa watu anaitwa mara moja kwa mwaka, tena kwa banda la mbuzi.

Sasa mserereko wenyewe. Juu ya kijiji kuna mlima wa mipaini, na chini ya mipaini majani yake makavu, yale membamba kama sindano, hulala mazito kama godoro na kuteleza kama sabuni. Ukikalia ubao pale kileleni, unashuka kama habari mbaya. Sisi tulipokuwa watoto tuliserereka bure, tumekalia madumu yaliyopasuliwa. Kisha akaja Bwana Sigala, mtu wa kwetu aliyekwenda mjini akarudi na mawazo. Akaukodi mlima, akazungusha uzio, akafunga kamba ndefu inayovutwa na mashine ya dizeli ili mtu asipande kwa miguu, akajenga hoteli yenye moto katikati ya sebule. Na watu wa mijini wakaja! Wanalipa ili washuke mlima ambao hawakuwa na shida yoyote ya kuupanda. Mimi nilimvulia kofia.

Unaweza kulipia mserereko mmoja mmoja, au unakata pasi ya msimu, kadi yenye picha yako, ukaserereka kuanzia Julai mpaka Septemba. Mwaka wa kwanza pasi ilikuwa bei ya jogoo wawili. Mwaka wa pili, bei ya mbuzi. Mwaka huu ninaousimulia ilifika bei ya mtamba, tena mtamba wa ng'ombe wa maziwa.

"Bwana Sigala," Eunike alimwuliza pale kwenye dirisha la tiketi, nami nikiwa nyuma yake, "hii pasi inakamuliwa?"

"Haikamuliwi, mama."

"Inazaa?"

"Haizai."

"Basi inakuwaje na bei ya mtamba?"

Sigala akacheka mpaka akafuta macho. "Mama, pasi ndiyo inayonunua kamba. Ndiyo inayonunua dizeli, na inawalipa watu thelathini wa humu humu Itundulu. Watu wananilipa tangu mwezi wa tatu, kabla jani moja halijaanguka. Wanalipia kitu ambacho hakijakuwepo. Imani ya namna hiyo, mama, kanisani huioni."

Jibu lilikuwa zuri, lakini halikumpa mtu pasi. Katika Itundulu nzima, walioupanda mlima ule mche kwa mche, hakuna hata mmoja aliyewahi kuishika.

Basi ufunguzi ulikuwa Jumamosi. Wenye pasi themanini walikuwa njiani. Jumanne Sigala akaenda mjini kuchukua unga na magodoro, akamwacha shangazi yake, Bi Tabitha, aliyekuja kutoka bondeni kusaidia mapokezi. Bi Tabitha ni mtu safi. Akatoka nje, akaweka mkono kiunoni, akautazama mlima.

"Wageni wanatoka mbali kote huko," akasema, "waje wakute uchafu huu?"

Mnatujua sisi. Mgeni akija, uwanja unafagiwa mpaka udongo uonekane na mistari ya ufagio ihesabike. Mtu akisema tufagie kwa ajili ya wageni, humwulizi swali, unauliza ufagio uko wapi. Wakatoka kina mama, wakatoka wanaume, nikatoka mimi. Tulifagia mlima ule kutoka kileleni hadi getini, siku mbili, huku tunaimba. Kila mmoja alidhani mwenzake amefikiri. Majani yote tukayalundika bondeni, tukayachoma moto. Moshi wake ulinukia vizuri sana.

Jumatano jioni Sigala akarudi. Gari likasimama kabla ya geti. Mlima ulikuwa mwekundu, mtupu, umechanwa mistari mizuri kama kichwa cha bibi harusi.

"Nani... nani amefanya hivi?"

"Sisi sote, mwanangu!" Bi Tabitha akamjibu, anang'aa kwa furaha. "Umeona kulivyopendeza?"

Sigala akakaa juu ya gunia la unga. Alimtazama dada wa baba yake. Kisha akasema, "Kumependeza, shangazi."

Hapo nilimheshimu kuliko siku zote.

Bi Tabitha alipoingia ndani, Sigala akatueleza ukweli. Mlima usiposerereka Jumamosi, wenye pasi themanini watataka chao warudishiwe, na chao kimekwisha kuwa kamba na dizeli. Hoteli itauzwa, na kazi za watu thelathini zitakwenda nayo. Akatoa mfukoni kadi moja, haina tarehe ya mwisho, nafasi ya picha iko wazi.

"Hii ni pasi ya maisha. Sijawahi kuiuza na sitaiuza. Atakayeufanya mlima huu userereke Jumamosi, ni yake. Kila msimu, mpaka afe."

Eunike hakungoja sentensi iishe. Alikwenda kwanza nyumbani kwake, kwenye shimo la mbegu za viazi, ambazo alikuwa amezifunika majani ya mipaini zisichomwe na baridi. Akayatoa yote. Kisha akaanza nyumba ya kwanza, maana hakuna nyumba ya Itundulu isiyo na majani hayo: ya kuwashia moto, ya kulalia ng'ombe, ya kujaza godoro.

"Mahenge mwanangu," akamwambia kapera mmoja asubuhi ya Alhamisi, "godoro lako limejaa nini?"

"Majani ya mipaini, mama."

"Na mgongo wako una miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Bado mbichi huo. Lete godoro."

Akaleta! Hadi Alhamisi jioni, chini ya mlima palikuwa na rundo lililolizidi kanisa. Na usiku ule baridi ikashuka, ikaziunguza mbegu za Eunike zikawa nyeusi zote. Alizitazama asubuhi, akafunika shimo, hakumwambia mtu. Niliona mimi tu.

Ijumaa alfajiri vijana wakayabeba majani, wakayamwaga kuanzia kileleni. Mtu wa kwanza akajaribu kuserereka. Alishuka hatua kumi, majani yakaondoka pamoja naye, akafika chini na rundo mapajani kama kuku aliyeatamia. Nyuma yake udongo mtupu. Mzee Tweve, aliyekuja kutazama tu, akacheka.

"Mnaanzia juu? Nani aliwafundisha kuezeka, bati?"

Akavua viatu, akapiga magoti kule chini kabisa, akaanza kulaza majani, safu kwa safu, ncha zikitazama bondeni, kila safu ikikalia mabega ya ile iliyo chini yake, kama paa. Mlima mzima aliufanya paa. Sisi tulikuwa kumi na wawili tunampelekea majani, na aliyeharakisha alifukuzwa. "Mvua haina haraka," alisema, "na mlima hauna haraka. Wewe haraka umeipata wapi?" Sasa sikilizeni: Ijumaa hiyo hiyo mzee alikuwa aanze kazi kwa tajiri mmoja aliyetaka nyumba ya mapumziko ya nyasi, kazi aliyoingoja miaka minne. Simu ikaita akiwa amepiga magoti. Akasema, "Leo siwezi, baba." Tajiri akampa mwingine. Mzee akairudisha simu mfukoni, akalaza safu nyingine.

Paa likakamilika saa tisa. Tukaleta vibao vya kuserereka vya hoteli. Vikakwama katikati ya mlima. Majani yale yalikuwa ya magodoro na mazizi, mafuta yake yalikwisha zamani, hayakuutaka ubao wa mti laini. Akaitwa Yotamu. Akakigeuza kibao, akakipapasa.

"Hiki kivivu," akasema. "Panahitajika mti mgumu, uliokauka miaka ishirini. Hapa kijijini upo mmoja."

"Uko wapi?"

"Ninaufungua kila asubuhi."

Ulikuwa mlango wa nyumba yake, wa mninga, kazi ya marehemu baba yake. Akaung'oa. Mke wake alisimama kizingitini, mikono kichwani.

"Baba Tumsifu, mlango?"

"Tutatundika blanketi."

"Blanketi lipi? Tunalo moja!"

Mlango ukatoa vibao sita. Akavipiga randa mpaka ukiona uso wako unajirekebisha, akavipaka nta ya nyuki ikiwa moto. Usiku ule, Itundulu, mwezi wa saba, familia ya Yotamu ililala bila mlango na bila blanketi.

Jumamosi ikafika. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama wa mjini, Bi Salome Kiwelu, pasi namba kumi na nne, ameshika risiti kama mtu anayeshika fimbo.

"Nimesikia mlima umefagiwa," akasema. "Nimelipa mtamba mzima, Bwana Sigala. Leo nataka kuuona ukikimbia."

Akakaa. Akasukumwa. Kijiji kizima kikaacha kupumua. Tukasikia *shwaaa*, kama mvua inayotembea juu ya paa la nyasi, na Bi Salome akapita mbele yetu, skafu iko nyuma, miguu iko mbele, yeye katikati anapiga kelele ambayo hatukujua ni ya namna gani. Alipita uzio wa mwisho, akasimamishwa na kamba za nguo za mpishi. Akainuka. Akatengeneza nywele. Akamnyooshea Sigala kidole.

"Nirudishe!"

Sigala akafumba macho.

"Nirudishe juu, nasema! Mashine ya kamba iko wapi?"

Vifijo! Hata Bi Tabitha alishangilia, ingawa alikuwa akitusuta kidogo kwa kuuchafua mlima tena.

Jioni, mbele ya dirisha la tiketi, Sigala akaitoa ile pasi. "Haya. Picha ni moja. Ya nani?"

"Swali gani hilo?" Yotamu akasema. "Bila kibao changu mngeserereka kwa suruali."

"Na kibao chako kingeserereka juu ya nini, shemeji?" Eunike akamrukia. "Juu ya mistari ya ufagio?"

Mzee Tweve akakohoa. "Majani mlikuwa nayo tangu Alhamisi. Na aliyeyashukia Ijumaa asubuhi alifika chini nayo mapajani."

"Toa tatu basi, Bwana Sigala!" mtu akapiga kelele.

"Nikitoa tatu, wale themanini wataniuliza wao walilipia nini. Niliahidi moja. Lakini semeni, kila mmoja angeifanyia nini?"

Yotamu akatazama mikono yake. "Mimi kazi yangu kubwa ni majeneza. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia linakalika vipi. Nataka mara moja nikalie kazi yangu mwenyewe, niisikie inavyokwenda."

Eunike akasema, "Marehemu mume wangu alinigonga hapa chini na dumu lake, nikiwa na miaka kumi na saba. Aliinuka akaomba radhi miaka ishirini. Tangu uzio uwekwe, sijafika pale aliponigongea."

Mzee Tweve akawa wa mwisho. "Miaka sitini na nane nimekwenda pole pole," akasema. "Nataka kujua wenzangu walikuwa wanakimbilia nini."

Sigala akanigeukia mimi, akasema, "Wewe uliona yote. Amua."

Nami ninaugeuza uamuzi huo mpaka leo. Nikimfikiria Eunike naziona zile mbegu nyeusi, nasema ni yeye. Nikimaliza kusema namwona mzee anairudisha simu mfukoni, amepiga magoti kwenye udongo wa baridi. Nikigeuka namwona mke wa Yotamu kizingitini pasipo mlango. Ondoa mmoja wao, Bi Salome anaondoka na chake na hoteli inauzwa. Waache wote watatu, picha ni moja. Je, wewe mwenzangu, kwenye ile nafasi iliyo wazi, ungeibandika sura ya nani, na hao wawili ungewaambia nini usoni?

Mkiwa mnabishana, niseme kosa langu moja kabla sijaenda kulala. Mengine yote ni kama nilivyoyaona, hata blanketi. Ila Bwana Sigala hakunigeukia mimi. Aligeukia ukuta, akaipigilia pasi msumari nyuma ya dirisha la tiketi, bila picha, akasema itakaa hapo mpaka Itundulu ikubaliane. Mimi hakuna aliyeniuliza. Ndiyo maana nawauliza ninyi.