Mbogo Aliponusa Shamba la Nguchiro

Paukwa.

— Pakawa.

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na udongo.

Na juu ya udongo?

— Mwenye udongo.

Na chini ya mwenye udongo?

— Sisi.

Haya, sogeeni. Aliyeshiba akae nyuma, maana hii ni ngano ya njaa.

Hapo kale, kwenye mteremko mmoja ulioitwa Mnyauko, aliishi Mbogo. Mbogo alikuwa na pembe, alikuwa na kwato, alikuwa na shingo nene kama kinu, na mteremko wote ulikuwa wake. Nani alimpa? Hakuna aliyeuliza. Ungeziona pembe zile, na wewe usingeuliza.

Mbogo hakulima. Tangu lini mwenye pembe akashika jembe? Mbogo alikodisha. Alikuwa na mashamba yaliyochoka, mekundu, magumu, yamekauka mpaka yamepasuka. Akija mnyama mdogo mwenye shida zake, Mbogo humwambia, "Chukua lile. Lima. Mavuno tutagawana nusu kwa nusu." Mnyama mdogo hulima. Hubeba samadi kichwani, hutoa mawe, hubembeleza udongo kama mgonjwa. Na kila baada ya mavuno, Mbogo huja kunusa.

Kunusa, ndiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Mnyauko. Mbogo huja mchana kweupe, majirani wamekusanyika, ndi, ndi, ndi, husimama katikati ya shamba, huzamisha pua ardhini na kuvuta pumzi: fwuuuu. Udongo ukinuka vumbi, husema, "Bado limelala. Endelea nalo." Udongo ukinuka mvua, husema, "Limeamka. Ahsante kwa kazi, toa vyombo vyako." Kisha hula kila kinachoota humo mpaka shamba lilale tena, halafu humpa mwingine. Na neno la Mbogo likishatoka mbele ya majirani halirudi, kwa sababu Mbogo hakuona haya kudhulumu, lakini aliona haya sana kuonekana amebadili neno.

Ndivyo alivyotolewa Nungunungu. Ndivyo alivyotolewa Sungura, pamoja na ujanja wake wote mnaousifia. Basi waliobaki wakajifunza: ukilima, lima vibaya kidogo. Wakivuna, wanachoma mabua. Wakichoma, wanafagia majivu. Swa, swa, swa, mpaka shamba linang'aa kama sakafu. Mbogo akija ananusa vumbi, anakwenda zake. Baada ya muda wakasahau kwamba ni woga uliowafundisha kufagia, wakauita adabu. Mtu mwenye shamba chafu alikuwa mtu wa ovyo. Wote walikuwa safi, na wote walikuwa na njaa.

Sasa, Nguchiro. Mama mmoja mdogo, miguu mifupi, mdomo haukai. Alikuwa mjane: mumewe alipigana na swila, na swila naye alijua kupigana. Alikuja Mnyauko na watoto wake, na mmoja alikuwa amemzika njiani kwa njaa. Hakuwa na pengine pa kwenda. Akamwendea Mbogo.

"Chukua lile la ukingoni," Mbogo akasema.

Ukingoni maana yake ni ukingoni mwa korongo. Kila mvua ikinyesha, korongo lilimega kipande. Shamba la jirani lilikuwa la Kware, mama mwenye vifaranga wengi, fundi wa kufagia kuliko wote.

Nguchiro alipanda mahindi kama kila mtu. Lakini kwao alikotoka walikuwa na fiwi, ile jamii ya maharage inayotambaa, yenye maua ya zambarau, na alikuja na mbegu zake zimefungwa kwenye pindo la nguo. Mahindi yalipoanza kubeba, akapanda fiwi katikati ya mistari. Alipovuna, hakuchoma mabua, aliyalaza chini. Fiwi ikatambaa, ikafunika, mpaka usingeuona udongo hata ungeutafuta.

Kware akaja mpakani na ufagio wake. "Dada Nguchiro, shamba lako limeota nywele. Utalinyoa lini?"

"Halina nguo nyingine, dada. Acha livae hii."

Mbogo akaja kunusa. Ndi, ndi, ndi. Fwuuuu. "Bado limelala," akasema. "Lakini uchafu gani huu?"

"Uvivu, Mzee. Nimezaa wengi, mkono wa kufagia sina."

"Utakufa maskini."

"Mungu akipenda, Mzee."

Mvua zikaja. Kwa Kware maji yalishuka mekundu, shwaaa, yakaingia korongoni na udongo wake. Kwa Nguchiro maji yalizama chini ya majani, taratibu, bila kelele. Msimu ukapita, na mwingine. Majani ya fiwi yakaoza, mabua yakaoza, minyoo ikaja yenyewe bila kualikwa. Mahindi yakatoa vibunzi? Hapana, yakatoa masuke mazito yaliyojaa punje mpaka nchani. Watoto wa Nguchiro wakaota mashavu.

Siku moja Nguchiro aliinua majani, akachota udongo, akaunusa. Ulinuka mvua. Alikaa chini akalia. Alilia kwa sababu ulikuwa mzuri, na kwa sababu alijua nini huwapata walio na udongo mzuri. Mwaka huo nusu ya Mbogo ilijaza ghala mpaka mlango haukufungika, na Mbogo hakuwa mjinga. Alituma neno: "Nakuja kunusa."

Nguchiro akaenda kuazima ufagio kwa Kware. Alisimama katikati ya shamba na ufagio mkononi. Angeng'oa fiwi yote, angechoma, angefagia, na shamba lingenuka vumbi. Angebaki. Lakini mkono ulikataa. Alikuwa amezika mtoto mmoja kwa njaa, na shamba lililofagiwa ni njaa; hakutaka kuzika mwingine.

Akaurudisha ufagio. Kule korongoni palikuwa na upupu umeota, maganda yamekauka, yamejaa yale manyoya yake ya kahawia. Nguchiro akajifunga kitambaa puani, akachuma maganda kwa vijiti viwili, akayakung'uta katikati ya shamba, palepale Mbogo anaposimama. Kisha akayalaza majani ya fiwi vizuri juu yake, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

Majirani wakakusanyika. Ndi, ndi, ndi. Mbogo akafika. Nguchiro alikuwa anajikuna: kwaru, kwaru, kwaru.

"Mzee, shikamoo. Leo usinuse. Udongo huu unaumwa. Tazama nilivyo."

"Siku nikija mimi, udongo wa kila mpangaji huumwa," Mbogo akasema.

"Basi nusa kwa mbali, Mzee."

"Ni kwangu. Nitanusa nitakavyo."

Akaizamisha pua, akaizamisha mpaka machoni. Fwuuuu.

Kwanza alinusa mvua. Nguchiro aliona: masikio ya Mbogo yalilegea kwa raha, mdomo ukafunguka. "Lime..." Mbogo akasema. Na hapo upupu ukafika.

"Lime... lime..." Mbogo akapiga chafya. Akasugua pua chini, kwaru, na chini ndiko ulikokuwa upupu. Akasugua jicho, kwaru, jicho likavimba. Akajitupa, akagaagaa, miguu juu, pembe chini, mwenye mteremko mzima anagaagaa kama punda. Kware alijiziba mdomo kwa bawa. Wengine walitazama milima, maana kumcheka mwenye shamba nako kuna kodi yake.

Nguchiro akapiga magoti. "Mzee, ulikuwa unasema limeamka. Ni kweli, limeamka. Lichukue. Watoto wangu wamejikuna mpaka hawalali. Nihurumie, Mzee, lichukue leo."

"Nilichukue nini?" Mbogo akanguruma, machozi yanamtiririka. "Hili si shamba, ni kidonda. Baki nalo. Wewe, na watoto wako, na wajukuu wako, mjikune humu milele."

"Na nusu yako ya mavuno, Mzee?"

"Nusu ipi? Nile niwashwe tumboni?"

Nguchiro akawageukia majirani, kwa sauti ya kilio. "Mmesikia maneno ya Mzee?"

"Tumesikia," wakasema.

Najua mngependa niishie hapo. Mtoto wa mbele kabisa anacheka, namwona. Lakini Mbogo alipofika mpakani alisimama, akageuka, jicho moja limefumba.

"Na majani haya yanayotambaa ndiyo yaliyoleta ugonjwa. Nikiyaona kwenye shamba langu lingine lolote, aliyeyapanda nitamkanyaga."

Na neno la Mbogo, nimekwisha kuwaambia, halirudi.

Siku zikapita. Kware akaja kwa Nguchiro bila ufagio, akakaa, akakubali uji. Akaunywa wote kabla ya kusema.

"Dada, mimi ni jirani yako wa karibu. Nimekuona ukila. Nimewaona watoto wako wakicheza shambani, na hakuna anayejikuna. Korongo limefika kwangu, naliona nikiwa mlangoni. Nipe mbegu ya fiwi, konzi moja tu. Nitaipanda nyuma ya nyumba, Mbogo hataiona."

Nguchiro aliwatazama watoto wake. Mbogo angeiona. Angekuja kunusa, asingewashwa, na angeelewa kila kitu, kwa sababu Mbogo hakuwa mjinga. Kware angekanyagwa, na shamba la Nguchiro lingerudi kwa Mbogo. Akainua mkono, akaanza kujikuna. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Ni ugonjwa, dada. Usiuguse."

Kware aliutazama mkono ule unaojikuna. Alijua. Na Nguchiro alijua kwamba anajua.

"Sawa, dada," Kware akasema. "Ugua pole."

Akarudi kwake. Baadaye kidogo Nguchiro akausikia ufagio: swa, swa, swa.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Korongo lilikula shamba la Kware, likala uwanja, likala nyumba. Kware akaondoka na vifaranga wake mstari mmoja, hakuaga. Korongo lilipofika mpakani mwa Nguchiro, mizizi ya fiwi ikalishika, likasimama. Nguchiro alikuja kulitazama. Upande wake palikuwa na majani, maua ya zambarau na nyuki. Upande wa pili hapakuwa na kitu.

Aliishi Mnyauko miaka mingi, akashiba, na watoto wake wakashiba. Kila alipopita mtu alijikuna, akawafundisha na watoto kujikuna, mpaka ngozi zao zikatoka vidonda vya kweli. Hakuna aliyewakaribia. Akipika, harufu ya fiwi na nazi ilienea mteremko mzima, na hapakuwa na jirani hata wa kumwazima chumvi.

Ngano yangu inakoma hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi, nimezoea.

Fundisho? Mnataka na fundisho juu yake. Haya. Shamba la mtu mwenye adabu ni lile lililofagiwa. Mwenye ardhi humpenda mpangaji mwenye bidii. Na jirani mwema hamfichi jirani yake mbegu. Nendeni mkalale, na kesho mkimwona Mbogo mwambieni nimewafundisha vizuri.