Mtoto wa Siwema, Mtoto wa Hadiya

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, vita vilianza kunukia katika nchi ya watu. Wenzetu walikuwa huko, wengi wao mayaya na wapishi. Ubalozi wetu ukakodi basi la kuwavusha mpakani. Agizo likatoka: kila mtu apande na mtoto wake.

Siwema, yaya, akaja na Riziki, kitoto cha miaka mitatu. Mama yake Riziki alikuwa dada yake Siwema, alifariki kwa uzazi. Siwema ndiye aliyemlea. Mlangoni pa basi alisimama afisa wa ubalozi, Bwana Shomvi. Akauliza mtoto ni wa nani.

"Ni wangu," akajibu Siwema. "Wa marehemu dada."

Sasa nyie niambieni, kwetu mtoto wa dada anaitwaje? Si mwanao? Shomvi mwenyewe kalelewa na mama yake mdogo! Lakini siku hiyo Kiswahili kilimpotea. Akasema mtoto wa dada si mtoto, hapandi ng'o.

Ndani ya basi alikuwamo Bi Hadiya, mpishi, ambaye hata salamu hawakuwahi kupeana na Siwema. Akachungulia dirishani, akasema, "Huyo nimemzaa mimi. Mlete."

Hakuulizwa cheti wala nini. Shomvi akampandisha mtoto, kisha akamgeukia Siwema: kumbe unaiba mtoto wa mwenzio? Akamzuia asipande. Siwema angefungua mdomo, Riziki angeshushwa. Akanyamaza. Hadiya angesema kweli, Riziki angeshushwa. Akanyamaza. Abiria walijua yote, wakanyamaza kwa kuogopa kuchelewa. Mijitu mizima! Basi likaondoka, na mabomu yakaanza kuanguka.

Siwema aliishi humo vitani miaka minne, akarudi anachechemea. Alipofika kwa Hadiya, Riziki alimkimbia, akajificha nyuma ya Hadiya akimwita mama.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," akasema Siwema. "Nilinyamaza ili apone."

"Nami nilisema ili apone," akajibu Hadiya. "Nimemuuguza, nimemsomesha. Leo nimwambie mimi si mama yake?"

Na Shomvi? Kapandishwa cheo kwa kazi nzuri. Kazi nzuri, jamani!

Haya, nyie mliokaa hapo mnanitazama, giza linaingia, na wanawake wawili wamesimama mlangoni, mtoto katikati yao. Je, usiku huu Riziki alale kwa nani?