Kwa Nini Kifaa cha Kukunia Nazi Huitwa Mbuzi

Mnacheka kwamba kifaa cha kukunia nazi kinaitwa mbuzi, nacho hakina mkia wala hakilii. Chekeni mmalize, kisha nisikilizeni.

Zamani hizo nazi ilikwanguliwa kwa kombe, gamba la chaza la pwani, na wali wa nazi ulipikwa kwa nadra, maana mpishi aliinuka jikoni vidole vikivuja damu. Katika kijiji cha Kidakani alikaa mjane mmoja, Bi Mwanakheri, aliyeishi kwa kuuza wali. Alipochoka kujifunga matambara vidoleni, alitwaa kigoda, akakipachika chuma chenye meno upande wa mbele, akakikalia, akakuna. Nazi ikashuka laini kama unga. Akawa anakitumia uani kwake, peke yake, msimu mzima.

Siku alipokitoa nje watu wakakiona, haukupita muda seremala Mwinyikai naye akatokea na chake, bado kinanukia mbao mbichi.

"Mama huyu kaniibia!" akapiga kelele. "Kitu hiki nimekiwaza tangu sijaota ndevu!"

Kesi ikafika kwa Jumbe Shomvi, mkuu wa kijiji. Jumbe akatangaza kwamba atakayeshinda ndiye atakayekitengeneza na kukitumia. Mwenzake atarudi kwenye kombe. Bi Mwanakheri akatazama makovu ya vidole vyake.

Mwinyikai akaleta mashahidi, wote shemeji zake, wakaapa kwamba walimsikia akikisimulia miaka mingi.

"Kuwaza, hata mimi nimewaza kuruka angani," akasema Jumbe. "Ninachotaka kujua ni nani aliyetangulia kukuna nazi. Bi Mwanakheri, nani alikuona?"

"Hakuna mtu, Jumbe," akajibu kwa sauti ndogo. "Ila mbuzi wa huyu seremala. Akisikia ninakuna, huja uani, nami humpa machicha ya nazi niliyokwisha kukamua."

Baraza zima likaangua kicheko. Jumbe hakucheka. Alikumbuka kwamba Mwinyikai alikwisha kuja kwake siku za nyuma, kabla mtu yeyote hajakiona kifaa kile, akilalamika kwamba mbuzi wake karogwa: hataki majani, anatoroka, anarudi mdomo mweupe.

"Mleteni mbuzi," akaamuru. "Nawe Mwinyikai, kaa ukune."

Mwinyikai akakaa kinyume, meno yakiwa nyuma yake. Aliruka juu akishika makalio, kanzu imechanika. Akageuzwa, akakalishwa vizuri, akaanza kukuna: kwaru, kwaru, kwaru.

Mbuzi akasimamisha masikio. Akampita bwana wake kana kwamba hamjui, akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanakheri, akamwekea kichwa mapajani, akangoja machicha.

"Rudi hapa, wewe!" Mwinyikai akafoka. "Anayekulisha ni mimi!"

"Inaonekana si wewe," akasema Jumbe. "Mdomo ule mweupe ulionilalamikia, kabla kifaa hiki hakijaonekana, ulikuwa wa machicha ya mama huyu. Shahidi amesema. Haki ni ya Bi Mwanakheri."

Na tangu siku hiyo kila aliyetaka kukuna nazi alikwenda kwa Bi Mwanakheri kuomba "kile cha mbuzi", mpaka maneno yakafupika, kikabaki mbuzi, hata leo katika jiko lenu. Mwinyikai naye hakunyamaza. Alizunguka kijijini akijisifu kwamba, kwa kuwa mbuzi yule alikuwa wake, basi jina ni lake. Na hilo, kusema kweli, hakuna aliyembishia.