Mgongo wa Ndugu Mwenyekiti

Wewe unayecheka hapo mbele, umewahi kunyoosha mkono kuapa huku ukijua unadanganya? Usinijibu. Sikiliza tu.

Zamani hizo, wanyama walipokuwa wakipanga nyumba, wakipika chai na kuitisha mikutano kama sisi, punda waliobeba chokaa ya Bwana Chui waligoma. Magunia yalikuwa yakivuja, chokaa ikichanganyika na jasho inawaunguza migongo mpaka nyama. Wakaomba blanketi la kutandika chini ya gunia. Chui akacheka. Wakayatua magunia: pu! pu! pu!

Mwezi wa pili ukaingia na chokaa bado inafika bandarini. Nani anaibeba? Hakuna aliyejua. Chui akabandika tangazo: punda asiyerudi kazini Jumamosi, atoke kwenye nyumba ya kampuni, yeye na watoto wake.

Basi Bi Punda akaenda kwenye Mkutano wa Wachukuzi wa Nchi Tatu. Alikuwa na ombi moja tu: anayebeba ile chokaa aache.

Mwenyekiti alikuwa Ngamia, kutoka nchi ya jangwa. Nchi ya tambarare ilimleta Maksai, mpole wa watu, aliyemgawia Bi Punda nusu ya majani yake tangu siku ya kwanza. Na karani alikuwa Kindi, mdogo kama ngumi ya mtoto.

"Mshikamano!" Ngamia akanguruma.

"Daima!"

"Mzigo uliogomewa na ndugu mmoja?"

"Habebi mtu!"

"Sisikii!"

"HABEBI MTU!"

Walipiga kura, wakanyoosha mikono wakaapa, wakaimba, wakakumbatiana. Kisha Ngamia akahutubia kwa saa tatu. Ukumbi ukawa tanuri. Wajumbe wote wakavua fulana zao nyekundu za mkutano, isipokuwa Ngamia, aliyebaki na koti refu la sufu, akijisugua kwenye nguzo: kwaru, kwaru, kwaru.

"Mheshimiwa, huoni joto?" Kindi akamuuliza.

"Koti ni heshima ya kiti, wewe kijikaratasi. Andika!"

Wakati wa chai, Kindi akamsogelea Bi Punda. "Mama, chokaa inaacha alama gani?"

"Mistari miwili, huku na huku ya uti wa mgongo. Katikati nyeupe, pembeni nyekundu. Halafu inawasha, mwanangu! Unajikuna mpaka unalia."

"Aka!"

"Nini tena?"

"Kunywa chai yako, mama."

Kindi akaruka juu ya meza, paa! "Ndugu wajumbe! Kiti cha Rais wa Wachukuzi wa Dunia Nzima kiko wazi. Atakipata mwenye kidonda kikubwa cha kazi kuliko wote!"

Hakuna aliyeuliza kiti hicho kimetoka wapi. Nani huuliza cheo kimetoka wapi?

Maksai akainamisha shingo, wakaona nira ilivyomla. "Lo! Pole, ndugu!"

"Hiyo?" Ngamia akabetua mdomo. "Hapo mbu kakuuma."

Bi Punda akageuka, akaonyesha mgongo wake.

"Makovu hayo, yameshapona! Huyu mama yuko likizo miezi miwili!" Ngamia akavua koti, akalirusha. "Mkitaka kidonda kibichi, tazameni hapa! Haya, nani Rais?"

Mistari miwili. Katikati nyeupe, pembeni nyekundu.

Bi Punda akatembea taratibu, akausogeza mgongo wake karibu na wa Ngamia. Alama zilikuwa zile zile, za zamani na za wiki hii.

"Ni... ni jua la jangwani," Ngamia akasema.

"Jua linapiga mistari miwili?" Kindi akauliza. "Cheo hakipo, mheshimiwa. Nilitaka uvue koti tu."

Ndi! ndi! ndi! Wajumbe wakapiga kwato sakafuni. "Msaliti! Mtoeni! Mtoeni!"

Basi wanangu, anayewapigia kelele za mshikamano, mtazameni mgongo kwanza.

Lakini Ngamia hakutoka. Aliokota koti lake, akalikung'uta vumbi. "Nimebeba, ndiyo. Watoto wangu nao wanakula. Ila mimi mzigo naupokea mpakani, pale mchanga unapoanza. Kutoka tanurini kwa Chui mpaka mpakani ni siku nne. Mnadhani chokaa ilitembea kwa miguu yake?"

Hilo halikuwa kwenye hila ya Kindi.

"Nani anakuletea?" Bi Punda akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ngamia, nakuomba. Kesho kutwa ni Jumamosi. Nitajie."

"Mimi si mpelelezi wa mtu," Ngamia akasema, akavaa koti.

Bi Punda akawageukia wajumbe, mmoja mmoja. Wa kwanza akatazama dari. Wa pili akajifanya kusoma maazimio. Wa tatu alikuwa Maksai, na Maksai alikuwa akilia.

"Mkokoteni hauachi alama mgongoni, dada," akasema. "Nimevuta mimi. Safari tano. Mzigo wa mwisho niliushusha mpakani asubuhi, jioni nikafunga safari kuja huku kuapa."