Mafiga ya Nakijwa

Moto wa marehemu huotwa na walio hai. Ndivyo alivyosema Babu Senkondo asubuhi hii pale kwa fundi cherehani, nanyi mmerudi hapa mnacheka na kuniuliza maana yake. Mmemwona Eliapenda, mwanafunzi wa marehemu fundi, amebandika birika la chai na kupanga vikombe viwili, kama yeye na fundi wake walivyozoea kabla ya kushika kazi. Mkaona kijana amerukwa na akili. Haya, vuteni huo ungo tuchambue maharage huku nikiwasimulia, maana hadithi haizuii mikono kufanya kazi. Msemo huo una mahali ulipozaliwa, na ni hukuhuku milimani kwetu.

Zamani hizo kibiriti kilikuwa hakijapanda mlima. Ninyi moto mnautia mfukoni, ndiyo maana hamuuheshimu. Wakati ule, mtu akizimikiwa na moto alichukua kigae akaenda kwa jirani kuomba kaa. Lakini hukuingia hivihivi. Ulisimama mlangoni ukauliza, "Moto umeamka?" Mwenye nyumba akajibu, "Umeamka, njoo uote." Hapo ndipo ulipoingia, mkajuliana hali, ukaota kidogo, kisha ukapewa kaa lako. Aliyechukua moto bila kuuliza alihesabiwa mwizi, na aliyemnyima mwenzake moto alihesabiwa mchawi.

Juu kabisa ya kijiji, nyumba yake ikiwa imejibanza chini ya jabali, aliishi mkunga aliyeitwa Nakijwa. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa, lakini watu wengi wa kijiji kile walipokelewa duniani na mikono yake. Chini yake kidogo aliishi Nanzia, mke kijana aliyeolewa kutoka mbali, hajui mtu na hana wa kumcheka wala wa kucheka naye. Siku moja moto wake ulizimika, akapanda kwa Nakijwa na kigae chake. Alipewa kaa, akapewa na uji. Kesho yake akapanda tena, na keshokutwa, mpaka ikawa ndiyo asubuhi yake.

"Wewe Nanzia," Nakijwa alimtania, "huo moto wako una ugonjwa gani? Kila siku unakufa!"

"Unakufa makusudi, mama, ili nije kwako."

Wakacheka wote wawili. Kwenye mafiga yale, kati ya bakuli moja la uji na jingine, Nanzia alifundishwa ukunga wote: namna ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya, na namna ya kumtuliza mama aliyeingiwa na hofu. Alifundishwa pia kulaza moto. "Majivu ni nguo yake," Nakijwa alimwambia. "Mfunike vizuri na usimpekuepekue, atalala bila kufa." Urafiki wao ulikuwa wa mama na mwana, na wa mashoga pia, na hakuna aliyejua unaishia wapi huu na kuanzia wapi ule.

Kisha Nakijwa akafa. Alikufa kwa uzee, ametulia, na kijiji kizima kikamlilia.

Desturi ilikuwa kwamba tanga likiondolewa, majivu ya marehemu yanazolewa, mafiga yake yanang'olewa, na nyumba inapewa mtu mwingine. Lakini asubuhi baada ya tanga, watu walimwona Nanzia akipanda mlima na kigae, na safari hii kigae kilikuwa na kaa. Alikuwa akiutoa moto kwake na kuupeleka juu. Alisimama kwenye mlango ule akauliza, "Moto umeamka?" Nyumba ikanyamaza. Akaingia, akawasha, akanywa uji wake pale, akiwa amekaa upande wake uleule wa siku zote. Kigoda cha Nakijwa, kilichokuwa ng'ambo ya mafiga, hakukigusa. Alipomaliza aliufunika moto kwa majivu akashuka kwenda kulima. Akafanya hivyo kesho yake na siku zote zilizofuata.

Maneno hayakukawia. Kisimani wakasema anapikia mizimu. Mwishowe Mzee Kirita, mkubwa wa ukoo, akamwita.

"Mwanangu," alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "aliyekufa hasikii baridi. Kuni ni za walio hai."

"Najua hasikii baridi, baba. Mimi ndiye ninayeisikia."

Mzee Kirita aliinamisha kichwa. Ila desturi ni desturi. Akamwambia, "Nakupa mpaka mavuno. Tukishavuna, mafiga yale yatang'olewa." Nanzia alirudi kwake akalia, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha Nakijwa kilichobaki zaidi ya asubuhi ile.

Mvua ikaja kabla ya mavuno. Si mvua hii yenu ya kulowesha nguo kwenye kamba, bali mvua iliyokaa mlimani kama mgeni asiyejua kuaga. Kuni zikaota ukungu, mapaa yakavuja. Moto wa mmoja ukazimika, naye hakujali, akasema nitachukua kwa jirani. Jirani naye wake ulikuwa umezimika, naye alikuwa amesema vivyo hivyo. Kila mtu alimtegemea mwenzake, mpaka siku walipotafuta wakakuta kijiji kizima hakina hata cheche. Wanaume wakapekecha vijiti mpaka viganja vikachubuka, lakini vijiti vilikuwa vimelowa hata ndani. Njia ya kushukia bondeni ilikuwa imemezwa na maporomoko.

Siku zilezile mioto ilipokuwa ikizimika, Namkunda, mke wa mwana wa Mzee Kirita, alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya wakati. Nanzia alishinda na kukesha naye. Nyuma huko ukuta wa nyumba yake mwenyewe ulianguka, ukauzika moto wake kwa tope. Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kike, mdogo kama kifaranga, na hakulia. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nanzia alimweka kifuani kwa mama yake, lakini Namkunda mwenyewe alikuwa akitetemeka.

"Mtoto huyu hana ugonjwa," Nanzia alisema. "Ana baridi tu. Nipeni moto."

Mzee Kirita alikuwa amesimama na vile vijiti mkononi, vimelowa na havina faida, na machozi yalimtoka mbele ya mkwewe. Nanzia akakumbuka mafiga ya juu. Lakini tangu uchungu uanze hakuwa amepanda kule, na moyo ulimwambia kwamba kule nako ni majivu matupu. Hata hivyo alitoka, akapanda mbio kwenye utelezi, akipiga kelele nyuma yake, "Nileteeni mtoto! Kaa halitafika huku chini na mvua hii!"

Alifika mlangoni akihema, na kwa mazoea akauliza, "Moto umeamka?" Nyumba ikanyamaza kama kawaida. Akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye majivu. Ya juu yalikuwa baridi. Ya kati yalikuwa baridi. Akachimba zaidi, na hapo kidole kikaungua, akapiga kelele ya furaha ambayo naamini hata jabali lile liliisikia. Moto ulikuwa hai! Nyumba nyingine zote moto ulikuwa ukipekuliwa kwa mapishi mchana na usiku. Nyumba hii haikuwa na mlaji wala mpishi, na jabali lilikuwa limeikinga na mvua. Moto wake haukuwa na kazi nyingine ila kulala na kumngoja mtu. Kuni kavu zilikuwa zimepangwa darini, pale Nakijwa alipozoea kuziweka. Nanzia akavuvia, na ndimi zikapanda. Bila kufikiri, akavuta kigoda kilichokuwa karibu akakaa, apate kuulisha moto vizuri.

Ndipo giza likaingia mlangoni. Alikuwa Mzee Kirita, amelowa chepechepe, mtoto amemficha kifuani chini ya ngozi. Alikuwa na haraka ya kufa na kupona, lakini miguu yake ilikataa kuvuka kizingiti. Hakuna mtu wa kijiji kile aliyewahi kuingia kwenye moto wa mwenzake bila kuuliza. Akauliza akiwa palepale nje.

"Moto umeamka?"

Nanzia aliinua uso. Miaka yote yeye alikuwa wa mlangoni. Yeye ndiye aliyeuliza, na tangu tanga hakuna aliyemjibu. Akatazama chini, akaona kwamba amekalia kigoda cha Nakijwa.

"Umeamka," alisema. "Njoo uote."

Mzee Kirita akaingia. Wakamwelekeza mtoto kwenye joto, Nanzia akimsugua mgongo polepole kama alivyofundishwa palepale. Waliomfuata mzee walijaa mlangoni. Vidole vya mtoto vikajikunjua kimoja kimoja. Kisha akalia, kilio chembamba lakini cha hasira, na watu wazima wakalia naye.

Namkunda akapandishwa akiwa amebebwa, akalazwa kando ya mafiga. Mvua ilipopungua, kijiji kizima kilipanda na vigae, kila mmoja akasimama mlangoni akauliza, na kila mmoja akajibiwa. Mzee Kirita alibaki kwenye kona, anayatazama yale mawe aliyotaka kuyang'oa. Mwishowe akasema, "Nilidhani unamwashia aliyekufa. Kumbe moto wa marehemu huotwa na walio hai." Mafiga yale hayakung'olewa. Mtoto akaitwa Nakijwa, na alipokua, asubuhi zake alizianzia palepale, kwa bakuli la uji.

Haya, maharage yamekwisha. Kesho mkipita pale kwa fundi mkakuta birika linatokota, msisimame nje kucheka. Kile kikombe cha pili hakina mtu. Pigeni hodi, mkakae na Eliapenda, mnywe. Moto wa marehemu huotwa na walio hai.